Betri ya Boti Haifi kwa Uzee, Tunaiua kwa Kiu

Leo tuweke pembeni kidogo chakula cha sato na vifaranga. Nataka tuongee kuhusu betri ya boti. Najua kuna atakayeuliza, afisa ugani na betri wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Kama unafuga kwenye vizimba hapa Ziwa Victoria, boti ndiyo barabara ya kwenda shambani kwako. Betri ndiyo inayopiga stata ya injini, inawasha taa za walinzi, inaendesha pampu ya kutoa maji kwenye boti, na simu ya mlinzi inachajiwa hapohapo. Siku betri ikifa, shamba lako linageuka kisiwa.

Maoni yangu nayasema mapema ili tusizungushane: betri nyingi za maji tunazozitupa huku mwaloni hazikufa kwa uzee. Zimekufa kwa kiu. Na kiu hiyo haitokani na ukosefu wa pesa. Inatokana na kwamba kazi ya kuangalia maji ya betri haina mwenyewe. Nahodha anadhani mlinzi ameangalia, mlinzi anadhani fundi ameangalia, na mwenye mradi yuko mjini anasubiri picha za samaki kwenye WhatsApp.

Sikatai kwamba betri mbovu zipo sokoni. Zipo. Lakini kabla hujamlaumu muuza spea, fungua vifuniko vya hiyo betri, mulika na tochi uangalie ndani. Ukikuta pleti zimekaa juu kavu kama mawe ya ziwani wakati wa kiangazi, basi usimtafute mchawi.

Maji yanakwenda wapi?

Betri ya volti 12 ina seli 6. Ndani ya kila seli kuna pleti za risasi, zimezama kwenye mchanganyiko wa asidi na maji. Betri inapochajiwa na kukaribia kujaa, umeme unaozidi haupati tena pa kukaa. Unaanza kuyavunja maji yenyewe kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Zile povu unazoziona ndani, na ile sauti kama soda iliyofunguliwa, ndiyo maji yako yanaondoka.

Sasa shika jambo hili moja, maana ndilo kiini cha mengine yote: kinachoondoka ni maji, asidi inabaki. Maji yakipungua, asidi iliyobaki inazidi kuwa kali, na sehemu ya pleti inabaki hewani. Pleti iliyokauka inashika utando mgumu mweupe na haifanyi kazi tena hata ukiijaza maji kesho yake. Ile iliyobaki chini inabeba mzigo wa betri nzima, tena kwenye asidi kali kuliko kawaida. Hapo ndipo unasikia, "Betri inajaa haraka lakini inaisha haraka." Ni kweli inajaa haraka, kwa sababu imebaki nusu betri.

Joto nalo linaongeza tatizo. Mafundi wana kanuni yao: joto likipanda kama nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri unapungua karibu nusu. Betri nyingi za boti tunaziweka pembeni ya injini, au kwenye boksi la bati juani. Unaona mwenyewe.

Paneli iliyofungwa moja kwa moja

Kuna tabia ya kufunga paneli ya sola kwenye betri bila chaji kontrola, eti kuokoa gharama. Tupige hesabu. Kila ampea-saa 1 inayoingia baada ya betri kujaa inakula karibu mililita 0.34 za maji kwenye kila seli. Paneli ya wati 100 inaweza kutoa ampea 5 jua likiwa kali. Tuseme betri imejaa saa 6 mchana na paneli ikaendelea kusukuma hadi saa 9. Hizo ni ampea-saa 15. Kila seli imepoteza kama mililita 5, betri nzima mililita 30, kwa siku moja. Kwa mwezi ni mililita 900, karibu lita nzima. Nafasi ya maji juu ya pleti ni ndogo, haiwezi kuhimili mwezi wa namna hiyo.

Kwa hiyo kontrola si mapambo. Na ukishainunua, ichague ijue kwamba unatumia betri ya maji. Kwa kawaida betri ya maji inachajiwa kwa volti 14.4 hadi 14.8, ikishajaa inashushwa hadi karibu 13.5, lakini karatasi ya mtengenezaji ndiyo ya mwisho. Kwa chaji ya injini pia pima. Injini ikiwa inanguruma, weka mita kwenye vichwa vya betri. Ukiona imevuka 15, usihangaike na maji kwanza, mwite fundi. Utakuwa unajaza ndoo iliyotoboka.

"Maji ya betri" ni jina la hatari

Huku kwetu ukienda duka la spea ukasema "nipe maji ya betri", unaweza kupewa vitu viwili tofauti kabisa. Kuna yale maji makali, yaani asidi, ya kujazia betri mpya iliyokuja kavu. Na kuna maji ya distili, yaani maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, hayana chumvi wala madini. Chupa zinafanana, na zinakaa rafu moja.

Betri iliyopungua inahitaji ya pili tu. Nimeshasema asidi haikuondoka. Ukiongeza maji makali, unafanya asidi izidi, na betri itaamka siku mbili tatu kama mtu aliyekunywa chai ya rangi nzito, halafu pleti zinaliwa. Wapo vijana wanaoapa kwamba maji makali "yanafufua betri". Hayafufui, yanakopa. Asidi inaongezwa na fundi pekee, pale betri ilipopinduka ikamwaga.

Na maji ya ziwani? Hapana. Ya bomba? Hapana, yana klorini na madini. Ya kuchemsha? Hapana tena, kuchemsha kunaua vijidudu lakini madini yanabaki sufuriani pamoja na maji, tena yakiwa mengi zaidi. Madini hayo yanakaa ndani ya betri milele, kwa sababu maji ndiyo yanaondoka na uchafu unabaki. Unachokiongeza leo utaishi nacho.

Wenzetu wa Pwani wanaolima mwani na kufuga majongoo bahari wawe makini zaidi. Maji ya bahari yakiingia ndani ya betri, chumvi yake inaweza kutoa gesi ya klorini, na hiyo ni sumu kwa mapafu. Betri ya boti ya baharini ikae juu, kwenye boksi lenye mfuniko na matundu ya hewa, na ifungwe kwa mkanda.

Namna ya kufanya, hatua kwa hatua

Kazi yenyewe haizidi dakika 20. Ifanye hivi:

1. Funga boti sehemu iliyotulia, isilale upande. Boti ikiinama, seli za upande mmoja zitaonekana zimejaa na za upande mwingine zimekauka, utadanganyika.

2. Chaji betri kwanza mpaka ijae, kisha zima chaji usubiri povu litulie. Maji huongezwa baada ya kuchaji, kwa sababu wakati wa kuchaji maji yanapanda. Ukijaza hadi juu kabla ya kuchaji, yatafurika na kutoka na asidi yako. Isipokuwa kama pleti ziko wazi: hapo weka kidogo tu zifunikwe, chaji, halafu malizia.

3. Futa juu ya betri kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kufungua vifuniko. Mchanga na magamba ya dagaa visidondokee ndani.

4. Vaa glavu na miwani. Mulika kwa tochi. Si kiberiti, si kibatari, na sigara iachwe nchi kavu. Haidrojeni ikifika asilimia 4 kwenye hewa inaweza kulipuka, na boksi la betri lililofungwa halichukui muda kufika hapo. Fungua boksi wazi lipate upepo kwanza.

5. Kama una kipimo cha asidi, pima kila seli kabla ya kuongeza maji. Betri iliyojaa chaji inasoma karibu 1.265. Ikiwa nusu inasoma karibu 1.190. Andika namba za seli zote 6.

6. Ongeza maji ya distili kwa faneli ya plastiki au bomba la sindano lisilo na sindano, hadi mstari wa MAX. Kama betri ni nyeusi haionyeshi mstari, jaza hadi milimita 3 hivi chini ya ule mdomo wa ndani wa tundu. Usijaze mpaka juu kabisa.

7. Rudisha vifuniko, kaza, futa, angalia kama vichwa vya betri vimeota ukungu wa kijani au mweupe. Huo unaoshwa kwa maji yenye magadi, lakini vifuniko viwe vimefungwa. Magadi yakiingia ndani ya seli yanaiua asidi na umeua betri.

Asidi ikikurukia ngozini, osha kwa maji mengi safi hapohapo. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi dakika 15 bila kukatisha, kisha nenda kituo cha afya. Usipake kitu kingine chochote. Ndiyo maana kwenye boti pawe na dumu la maji safi karibu kabla hujafungua kifuniko cha kwanza.

Betri inakwambia, sikiliza

Wengi wanaangalia maji ili kuyajaza tu. Mimi nasema kiasi cha maji kilichopungua ni habari, kama vile chakula kinachobaki juu ya maji kinavyokwambia samaki hawali.

Seli zote zikinywa maji mengi kwa pamoja, chaji ni kali mno au betri inakaa kwenye joto. Seli moja ikiwa na kipimo cha chini kuliko wenzake, na hizo 5 zinapoteza maji haraka, huenda hiyo moja imepiga shoti ndani. Zile nyingine sasa zinabeba umeme uliokusudiwa kwa 6. Seli moja ikipungua peke yake haraka, angalia kama kasha limepasuka.

Na je, betri ya maji ambayo miezi inapita haijapungua hata tone? Usifurahi haraka. Mara nyingi hiyo haijawahi kujaa kabisa. Paneli ni ndogo, au taa zinawaka usiku kucha, na inashinda nusu nusu. Betri inayokaa na njaa ya chaji inashika ule utando mweupe hata kama maji yapo. Iache ipumzike saa kadhaa bila mzigo wala chaji, upime: 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 12.0 unaitesa. Ukiikuta inashinda chini ya 12.2 kila asubuhi, hapo shida ni paneli au matumizi, na chupa ya maji haitakusaidia.

"Si bora ninunue betri kavu niachane na haya?"

Swali hili naulizwa sana na ni swali la haki. Betri kavu hazihitaji kuongezwa maji, hazimwagiki boti ikiyumba, na kwa mtu ambaye hana wa kumkabidhi kazi, zinafaa. Lakini msidanganyike na jina. Ndani nazo zina maji. Tofauti ni kwamba ukizichaji kupita kiasi, maji yakitoka hayarudi, kwa sababu hakuna mahali pa kuyarudishia. Kontrola iliyowekwa kwa betri ya maji inaweza kuiharibu betri kavu bila hata kukupa dalili.

Betri ya maji ina sifa moja ninayoipenda: inakuruhusu kuitazama ndani, kuipima seli moja moja, na kuirekebisha mapema. Teknolojia yake ni ya zamani, Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na fundi wa mwaloni wowote anaielewa. Kwa kijana anayeanza mradi na mtaji mdogo, naona bado ni chaguo zuri. Sharti ni moja, uwe na nidhamu. Kama huna, nunua betri kavu, na sisemi kwa kejeli. Kulipa zaidi kwa kitu kinachoendana na tabia yako ni bora kuliko kulipa kidogo mara tatu.

Hesabu ya mfukoni

Chukua mfano, halafu weka bei za dukani kwako. Tuseme betri ni shilingi 300,000. Ikidumu miezi 12, inakugharimu 25,000 kila mwezi. Ikidumu miezi 36, ni kama 8,300 kwa mwezi. Tofauti ni zaidi ya 16,000 kila mwezi kwa betri moja, na miradi mingi ina mbili au tatu. Upande wa pili weka chupa moja ya maji ya distili na dakika 20. Hakuna chakula cha samaki kitakachokupa faida ya namna hiyo kwa gharama hiyo.

Wengi wenu mmeingia kwenye vizimba kwa mikopo ya masharti nafuu, boti na vyote. Rejesho halisubiri betri. Shilingi inayokwenda kununua betri ya tatu ndani ya miaka miwili ni shilingi iliyotoka kwenye rejesho.

Lakini pesa siyo kubwa kuliko yote. Mvua za ngurumo na upepo wa ziwa letu hupenda kuja usiku na alfajiri. Saa hizo aliye kwenye vizimba ni mlinzi, mara nyingi kijana wa umri wenu, analipwa kidogo. Akipiga stata injini ikatoa "tk" moja ikanyamaza, taa hazionekani kwa boti nyingine na pampu haizunguki, huyo kijana ameachwa mikononi mwa ziwa kwa sababu ya lita moja ya maji. Sioni jina jingine la jambo hilo isipokuwa uzembe wa mwenye mradi.

Mpe mtu, siku, chupa na daftari

Nasema uzembe wa mwenye mradi kwa makusudi. Nasikia sana mabosi vijana wakisema "wafanyakazi wangu hawajali vitu". Muulize huyo bosi, ulimnunulia mlinzi maji ya distili? Ulimpa glavu? Ulimwonyesha mstari wa MAX? Ulimwambia ni kazi yake? Mara nyingi majibu ni hapana mara nne. Mtu hawezi kutunza kitu ambacho hakukabidhiwa.

Kwenye ulishaji mnajua kufanya: mtu fulani, saa fulani, kilo fulani, anaandika. Betri iingie kwenye daftari hilohilo. Mtu mmoja kwa jina. Siku moja ya wiki, kwa mwezi wa kwanza. Ukiona maji hayapungui haraka, sogeza iwe kila wiki mbili, au kila mwezi, kulingana na betri yako ilivyo. Safu nne zinatosha: tarehe, volti asubuhi, seli zilizoongezwa maji, mililita ngapi. Baada ya miezi mitatu utaijua betri yako kuliko fundi.

Na ile ikishakufa kweli kwa uzee, usimwage asidi yake ziwani wala ufukweni. Ni maji hayohayo sato wako wanapumulia, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Ipeleke nzima kwa wanunuzi wa betri chakavu, utapata na hela kidogo ya kuanzia nyingine.

Kesho asubuhi boti ikirudi, kabla hamjashusha mizigo, fungua boksi la betri uangalie. Ukikuta pleti zimefunikwa, mpongeze anayetunza. Ukikuta zimekauka, usimgombeze mtu. Nenda dukani, sema wazi "maji ya distili, si makali", na ukirudi mkabidhi mtu hiyo kazi mbele ya wenzake.

Kazi njema, na maji yawe mahali pake.